Sola Kwanza au Ramani Kwanza?

Wajenzi wa pwani wamegawanyika. Wapo wanaosema jenga utakavyo, kisha funga sola ya kutosha kuendesha viyoyozi. Wengine wanataka nyumba ichorwe ipoe yenyewe, sola ifuate. Hawa wa pili huchekwa kama watu wa kizamani wanaotamani baraza na kuta nene za mawe, na ndiyo maana hoja yao haisikilizwi mpaka mwisho.

Wanaoanza na sola hawakosi cha kusema. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 kimeshapimwa, na barabara ndiyo inayoamua nyumba itazame wapi. Nyumba nyingi zimeshasimama. Paneli nazo zimeshuka bei mno. Kisha kuna malelezi, zile wiki kati ya kaskazi na kusi ambapo upepo umekatika, hewa ni nzito, na dirisha lililo wazi huleta mbu tu. Hapo hata mchoro mzuri husalimu amri.

Ila hesabu yao ina tundu, nalo ni usiku. Kiyoyozi cha BTU 12,000 kikiwashwa muda wa saa nane hula kama uniti (kilowati-saa) 5 hadi 6. Kwa mwezi ni 150 hadi 180, mara mbili au zaidi ya zile uniti 75 ambazo mteja wa TANESCO wa D1, daraja la matumizi madogo, anatakiwa asizivuke kwa nyumba nzima. Feni ya dari ya wati 70, kwa muda uleule, haimalizi uniti 20 kwa mwezi. Paneli tatu za wati 550 huzalisha uniti hizo za kiyoyozi mchana bila taabu, lakini huzalisha mchana! Betri ya lithiamu ya kilowati-saa 5 haitolewi yote, hivyo kiyoyozi kimoja huimaliza kabla ya adhani ya alfajiri, friji na pampu zikiwa bado zinadai. Gharama kubwa ipo kwenye betri, na betri ndiyo huchoka mapema.

Joto hilo la usiku hutoka wapi? Chanzo kimoja kikubwa ni ukuta wa magharibi. Tofali za inchi 6 hupigwa na jua alasiri nzima, hulimeza joto, kisha huliachia chumbani watu wakiwa wameshalala. Dar es Salaam ipo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Adhuhuri ya Juni jua huwa upande wa kaskazini, nyuzi 60 hivi kutoka upeo wa macho, na upenu wa sentimita 90 hufunika mita 1.5 za ukuta. Desemba, upande wa kusini, upenu huohuo hufunika karibu mita 3. Magharibi, saa kumi alasiri, hufunika sentimita 60 tu. Basi kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, na upande wa magharibi upewe choo, stoo na ngazi. Kiwanja kikikataa, panda mti au weka luva za wima, yaani vibao vya kukinga jua.

Jengo la Umoja wa Mataifa la Gigiri, Nairobi, lililozinduliwa 2011, lilifuata mpangilio huo: kwanza mwanga wa asili na hewa inayopanda yenyewe katikati ya jengo, kisha paneli za kilowati 515. Baridi ya Nairobi iliwasaidia, hilo halina ubishi. Pwani haitaweza kuacha kiyoyozi kabisa, lakini inaweza kukihitaji kwa malelezi tu.

Cha ajabu, mtindo unaopendwa sasa ni paa lililofichwa: upenu hakuna, dirisha la kuteleza linafunguka nusu, na ukuta unaozunguka paa hutia paneli kivuli asubuhi na jioni. Kivuli kwenye paneli moja hushusha umeme wa safu nzima.

Paa la mteremko likichorwa na sola akilini, paneli huinuliwa sentimita 10 hadi 15 juu ya bati. Seli zikifika nyuzi joto 65 hupoteza kama asilimia 14 ya nguvu; hewa ikipita chini ya paneli, seli hupoa, na bati nalo hupata kivuli. Skrubu zipite mgongoni mwa bati, si bondeni, na zishike papi, zile mbao zinazobeba bati. Paneli kumi ni kilo 280 bila reli, kwa hiyo fundi wa kenchi aambiwe mapema. Tanki la maji likae kusini mwa safu, ambako hata Desemba kivuli chake cha adhuhuri ni kifupi.