Jenerali Hupewa Waterloo, Askari Hupewa Mguu

Kuna nahau moja ya Kiingereza ambayo wachambuzi wetu wameivisha kanzu na kuifanya ya nyumbani: kujipiga risasi mguuni. Chama kimemfukuza mwanachama wake maarufu, kimejipiga risasi mguuni. Timu imemuuza mshambuliaji wake katikati ya msimu, mguuni tena. Kila msikilizaji anaelewa kinachosemwa, kwamba mtu kajiumiza kwa ujinga wake na asimlaumu yeyote. Mimi imeanza kunikera, na si kwa sababu ni ya kuazima. Vya kuazima tunavyo tele na tunaishi navyo vizuri. Kinachonikera ni nani anayechekwa ndani yake.

Bila shaka wako watu waliojipiga mguu kwa uzembe tangu bunduki zilipokuwapo. Lakini waliolifanya tendo hilo lijulikane ni askari wa Vita Kuu ya Kwanza, na wao hawakuwa wazembe hata kidogo. Risasi ikipigwa karibu na ngozi huacha masizi ya baruti kuzunguka jeraha, na madaktari wa jeshi walijua kuyatafuta. Kwa hiyo kule kwenye mahandaki ya Ufaransa na Ubelgiji askari walijua namna ya kuukwepa ushahidi huo: weka mfuko wa mchanga kati ya mtutu na mguu, au kopo la nyama, ndipo ufyatue. Wengine walichagua kiganja. Aliyegundulika alitibiwa akiwa chini ya ulinzi, mbali na majeruhi "wa heshima", kisha akapelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Karibu askari 4,000 wa jeshi la Uingereza walitiwa hatiani kwa kosa la kujijeruhi. Kwa kawaida waliishia kifungoni.

Sasa pima hesabu yenyewe. Tarehe 1 Julai 1916, siku ya kwanza ya mapigano ya Somme, Waingereza zaidi ya 19,000 waliuawa kati ya alfajiri na usiku. Kijana anayejua kwamba kesho ni zamu ya kikosi chake, na ana bunduki mkononi na kopo tupu miguuni, anatoa mifupa michache ya mguu ili abaki na mwili wote uliosalia. Unaweza kumwita mwoga ukitaka. Unaweza kusema aliwaachia wenzake mzigo, na hilo lina ukweli wake. Ila kumwita mtu aliyejiharibia mwenyewe bila kujua analofanya ni kuigeuza habari yake juu chini. Yeye ndiye aliyekuwa akijiokoa.

Mwaka 2006 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyowasamehe askari zaidi ya 300 waliouawa na jeshi lao wenyewe katika vita ile kwa kutoroka, woga na makosa ya namna hiyo. Ilichukua miaka tisini. Waliojipiga mguu hawamo, kwa kuwa msamaha ule uliwahusu waliouawa tu.

Nahau hii ina babu yake. Miaka ya 1500 majeshi ya Ulaya yalikuwa na bomu dogo lililoitwa petadi, chombo cha chuma au shaba kilichoshindiliwa baruti na kufungwa kwenye lango la ngome ili lilipuke na kufunguka. Halikurushwa. Lazima mtu alibebe hadi mlangoni huku anapigwa risasi kutoka juu ya ukuta, alitundike, awashe utambi, akimbie. Utambi ukiwahi, anaruka yeye. Shakespeare, katika tamthilia ya Hamlet iliyoandikwa mnamo mwaka 1600, anamfanya mhusika wake mkuu aseme kwamba ni burudani kumwona fundi huyo akirushwa hewani na bomu lake mwenyewe. Waingereza wanalitumia neno hilo hadi leo kwa yeyote aliyenaswa na mtego alioutega. Anayesema ni nani? Mwana wa mfalme. Anayerushwa ni nani? Fundi aliyetumwa na wakubwa akafungue lango la mtu ambaye hata hamjui.

Askari wa Uingereza waliokuwa Ireland Kaskazini miaka ya 1970 waliendeleza dhihaka hiyohiyo kwa lugha ya mpira: adui akiuawa na bomu alilokuwa akilitengeneza, walisema kajifunga goli.

Wakubwa nao hushindwa, tena vibaya zaidi, lakini tazama wanavyoandaliwa maneno. Napoleon, mfalme wa Ufaransa, alishindwa vitani Waterloo tarehe 18 Juni 1815. Kama kuna mtu aliyejitakia mwenyewe duniani ni huyu: alikuwa keshapelekwa uhamishoni kisiwa cha Elba, na kisiwa chenyewe akapewa akitawale, akatoroka, akakusanya jeshi jingine, akaliangamiza. Kwa mantiki ya mguu, huyu angekuwa mfano wa kwanza kwenye kamusi. Kumbe Kiingereza kinasema mtu "amekutana na Waterloo yake", kana kwamba Waterloo ilikuwa imesimama njiani ikimsubiri. Jina la mahali, tarehe, hadhi. Hakuna anayecheka.

Au mhandisi. Mwaka 1941 jarida la The New Yorker lilichapisha katuni ya Peter Arno: ndege imeanguka, watu wanaikimbilia, na bwana mmoja mwenye michoro kwapani anaondoka zake upande wa pili akisema, haya, turudi kwenye ule ubao wa kuchorea. Arno alikuwa akimkejeli, na kejeli ni kali. Lakini maneno yalipotoka kwenye katuni yakaingia ofisini, kejeli ilibaki nyuma. Leo kampuni ikipoteza mamilioni, mkurugenzi anasema timu yake imerudi kwenye ubao wa kuchorea, yaani inaanza upya, na anasikika kama mtu mvumilivu.

Watetezi wa nahau ya mguu watanijibu kwamba magazeti ya London yanaitumia hasa kwa mawaziri. Ni kweli, na sina ugomvi nayo huko. Waziri akijipiga mguuni huandikiwa ukurasa mzima unaoeleza alitarajia nini, alishauriwa na nani, hesabu ilikosea wapi. Kwake nahau ni kichwa cha habari, chini yake kuna habari. Kwa mtu wa chini nahau ndiyo habari yote.

Sisi nasi si malaika. Tunasema mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na katika lugha inayompa pole hata aliyejikwaa njiani akitembea na mawazo yake, hiyo ni adhabu nzito. Walau methali yetu haichagui cheo. Ila anayeitumia ndiye anayeamua nani kajidunga na nani kadungwa, na sijawahi kuisikia ikielekezwa juu.

Ninaisikia zaidi nahau ya mguu wakati wa migomo. Wafanyakazi wakigoma, jioni hiyohiyo mtu yuko studio anasema wamejipiga risasi mguuni, kwa kuwa mwajiri atafunga kiwanda au atawafukuza. Huwa sisikii akiuliza wanalipwa kiasi gani na kodi ya chumba ni kiasi gani. Mtu anayeweka ajira yake rehani kwa siku kumi kwa kawaida ameshakaa na wenzake, wamehesabu watakula nini wiki ya pili, nani ana shamba kijijini, duka gani litakopesha. Hesabu hiyo inaweza kuwa mbovu. Basi isomwe hewani, mstari kwa mstari, kama tunavyosomewa bajeti ya wizara.