Menyu ya kompyuta ya saiba: ipangwe au iachwe?

Katika saiba za katikati mwa Nairobi, kompyuta moja hupitia mikono mingi kwa siku. Huyu anaskani cheti, yule anachapa barua ya kuomba kazi, mwingine anahangaika na ritani zake za kodi za KRA tarehe 30 Juni ikinyemelea. Fungua menyu ya programu kwenye mashine kama hiyo: programu tatu za kusoma PDF, ya printa iliyokwisha uzwa, michezo, na folda zenye majina ya kampuni badala ya kazi.

Wapo wanaoona kuipanga ni kujisumbua bure. Bonyeza kitufe cha Windows, andika herufi chache, programu hiyo hapo. Watengenezaji wenyewe walielekea huko: GNOME 3 (mazingira ya eneokazi ya Linux, mfumo endeshi mbadala wa Windows) iliacha menyu ya zamani ya programu mwaka 2011, na Windows 8 ikaondoa menyu ya Start mwaka uliofuata, ingawa malalamiko yaliirudisha katika Windows 10 mwaka 2015. Kwa mwenye laptopu yake binafsi sina ubishi nao. Asipoteze jioni yake akipanga folda.

Ila kutafuta kunadai ujue jina. Mteja wa saiba anajua anataka kuskani. Kwamba programu inaitwa NAPS2 atajuaje? Menyu iliyopangwa humwonyesha kilichopo kabla hajauliza.

Hata hivyo, kupanga nako kuna madhara yake. Linux Mint, mojawapo ya matoleo ya Linux, huweka programu ya skana kwenye kundi la michoro. Nani atatafuta huko akiwa na cheti cha kuzaliwa mkononi? Kompyuta ikijipangia yenyewe ndiyo balaa zaidi. Office 2000 ilificha amri zisizotumika sana, mtu akarudi asione kitu pale alipokiacha jana.

Mimi naegemea kupanga, lakini kwa kupunguza, si kwa kuongeza folda. Kwenye Windows, futa njia za mkato zisizotumika katika folda ya Start Menu; programu zenyewe zitabaki. Kwenye Linux kila programu ina faili ya .desktop, kwa kawaida ndani ya /usr/share/applications. Inakili hadi ~/.local/share/applications, kisha weka NoDisplay=true kwenye nakala. Programu itatoweka menyuni, lakini bado itafungua faili zake, na sasisho halitagusa nakala yako.

Faili ya .desktop ya programu unayoiacha menyuni hukubali pia mstari wa Keywords (maneno ya kutafutia), na sielewi kwa nini hautumiki zaidi. Andika humo “cheti” na “kuskani”, na utafutaji wa GNOME utamletea mteja skana kwa maneno yake mwenyewe. Ubishi wa kupanga au kutafuta unapoteza makali yake hapo.

Gharama ipo: wahudumu wa saiba hubadilika, na aliyezoea menyu ya kawaida atadhani programu zimeondolewa. Kisha kuna hoja inayonikera kwa sababu ni ya kweli: eCitizen ya huduma za serikali, iTax ya kodi na maombi ya vyuo ya KUCCPS yote yako ndani ya kivinjari. Mhudumu mwenye saa moja tu ya kupanga aanze na alamisho za kivinjari, menyu ingoje.