Kivuli Kimeondoka na Msumeno

Jumapili niliwapeleka wapwa zangu wawili kwenye hifadhi ya Impala, pale karibu na Dunga, Kisumu. Walitaka simba. Simba alikuwa amelala, basi tukaenda kuketi chini ya mkuyu tukala viazi tulivyobeba. Kwarara walikuwa wanapiga kelele juu yetu, swala pala wanalisha mbele yetu bila wasiwasi. Yule mkubwa, yuko gredi ya nne, akatazama juu kwa muda, halafu akauliza: "Anko, huu mti nao uliletwa hapa kama simba?"

Nikamwambia mti huo ulikuwapo kabla ya ua, kabla hata ya 1992 hifadhi ilipoanzishwa. Lakini swali lilinikaa moyoni. Maana Jumatatu, nikitoka kazini, nilikuta ule mti wa ober, mti mkubwa wa kienyeji wa stejini kwetu Nyalenda, umelala chini, vipande vipande, umekatwa kupisha barabara na mtaro mpya.

Mti ule ulikuwa mahali pa kazi. Chini yake alikaa fundi wa viatu, mama mboga na dada yake wa omena, vijana wa boda sita au saba, na akina mama wanaosubiri matatu wakitoka kliniki na watoto mgongoni. Hakuna aliyelipa kodi. Hakuna aliyejengewa kibanda. Ober ndiyo iliyowafungulia biashara kila asubuhi. Sasa mama mboga anahama na kivuli cha ukuta wa duka, na ukuta wa Kisumu saa sita hauna kivuli cha kumtosha mtu. Tuko karibu kabisa na ikweta, jua linasimama utosini. Sukuma aliyoletewa alfajiri inanyauka kabla ya saa nane, nyanya zinalainika, na ikifika jioni, wakati ambao watu wanatoka kazini na ndio wa faida, anabaki na mboga za kuuza kwa bei ya kutupa. Nilipomsalimia alisema, "Nyathina, mwanangu, mtaji wangu ulikuwa hapo juu." Akaonyesha hewani, pasipo kitu.

Kuna watakaosema anunue mwavuli. Mwavuli unazuia jua, basi. Mti unavuta maji kwa mizizi na kuyatoa kwenye majani yakiwa mvuke, na mvuke huo ndio unaopoza hewa. Ndiyo maana chini ya ober ulikuwa unahisi ubaridi ambao hutaupata chini ya bati hata siku moja. Sijataja mizizi inayoshika udongo kando ya mtaro, wala gome ambalo wazee wamelichemsha kuwa dawa tangu zamani.

Nakubali, barabara tuliiomba wenyewe. Mtaro wa zamani ulikuwa umeziba, na mvua ya masika iliwahi kuingia hadi vitandani. Nakubali pia kwamba kuna tawi lililoanguka mwaka juzi likavunja pikipiki. Lakini tawi hukatwa shina likaachwa, na mtaro unaweza kupindishwa mita mbili. Mwaka 2020, kule Nairobi, mkuyu wa Waiyaki Way ulikuwa umewekwa kwenye orodha ya kuondolewa kupisha barabara mpya. Watu wakapaza sauti, rais akatoa agizo, mkuyu ukabaki na barabara ikajengwa. Kwa hivyo mtu asiniambie haiwezekani.

Kinachonichoma zaidi ni hii ahadi ya miche. Tumeambiwa kwa kila mti uliokatwa itapandwa kumi. Nchi ina lengo la miti bilioni 15 kufikia 2032, na Novemba 13, 2023 tulipewa likizo nzima tukapande. Nilipanda miti mitatu ya siala kando ya shamba la mama kule Seme, na mwaka huu nitaongeza. Naipenda kazi hiyo. Lakini mche wa futi moja haumkingi mtu jua. Usipozungushiwa miiba, mbuzi wa mtaa anaumaliza kwa siku moja. Usiponyweshwa maji Januari, unakauka. Na ukinusurika yote hayo, mtoto anayebebwa mgongoni leo atakuwa mtu mzima kabla kivuli chake hakijaenea. Miaka hiyo yote mama mboga atakula nini? Inayopandwa tunaihesabu hadi kwenye redio. Inayoangushwa, nani ana daftari lake?

Bibi yangu hakuruhusu watoto wachezee tunda la yago, lile refu kubwa la mti wa mwegea. Kwetu Wajaluo, mtu akipotea na mwili wake usionekane, yago ndilo huzikwa badala yake, kwa kilio na heshima zote. Nikiwa mdogo niliona mazishi ya namna hiyo, ya mvuvi. Mama yake alililia lile tunda kama anavyoliliwa mtu, na hakuna aliyeona ajabu. Sisi ndio wajukuu wa watu hao. Tumefikaje mahali ambapo mti wa miaka yote ile unaangushwa asubuhi moja, na hata aliyeketi chini yake hakuulizwa?

Ninachotaka ni kidogo: kabla ya msumeno kuwashwa, mtu aje na kalamu aulize nani anakaa hapa, anafanya kazi gani, na ataenda wapi. Miti ya hifadhini imesalimika kwa sababu kuna ua, lango na askari. Sitaki mpwa wangu akue akijua kwamba mti mkubwa ni kitu cha kulipia langoni siku ya Jumapili.

Upande wa pili wa daraja kuna mti mwingine mkubwa, mkuyu. Umetiwa alama ya rangi nyekundu shinani. Tumeandika barua ya kuutetea, na kufikia jana jioni tulikuwa na sahihi 42. Daftari liko kwa fundi wa viatu, sasa amehamia chini ya mkuyu huo. Yuko pale hadi saa kumi na mbili.