Sola ni poa, lakini floridi je?

Hii habari ya visima vya sola huku vijijini Nakuru imenifurahisha, kusema kweli jenereta ilitumaliza na bei ya dizeli, lakini mbona hamjataja floridi hata mara moja, yale madini ya majini yanayoharibu meno yakizidi? Sola inavuta maji tu, haiyasafishi. Huku Bonde la Ufa maji ya chini mara nyingi yako na floridi nyingi, WHO wanasema isipite miligramu 1.5 kwa lita, na hata ukichemsha haitoki, inazidi kukolea tu. Angalieni meno yetu sisi wa Njoro, kahawia tangu utotoni, ukifika Nairobi watu wanadhani unavuta sigara! Kuna filta ya mkaa wa mifupa ya ng'ombe inaipunguza, wekeni hiyo kando ya tanki kabla mfungue bomba.