Nionyeshe Idadi Kabla ya Wastani

Jedwali la wastani kwa makundi likinifikia bila safu ya idadi, nalirudisha kwa aliyelitengeneza. Wastani wa watu 4 na wastani wa watu 400 huvaa sare moja, desimali mbili mbili, na msomaji hana namna ya kujua upi wa kuaminiwa.

Kuyachambua makundi katika programu za takwimu siku hizi ni amri moja tu. R ina aggregate, na group_by ya kifurushi chake cha dplyr, Stata ina bysort, pandas (maktaba ya Python) ina groupby, SPSS ina Split File (ambayo, ukisahau kuizima, itaendelea kukugawia kila kitu). Wepesi huo naupenda. Kinachonikera ni kwamba kila programu ina tabia yake kuhusu data zinazokosekana, na nyingine hazisemi.

Stata huihesabu thamani inayokosekana kuwa kubwa kuliko namba yoyote. Andika summarize mapato if umri > 60, na kila ambaye umri wake haukujazwa anaingizwa kwenye kundi la wazee. Hutaona onyo lolote. Ili kuwatoa, inabidi uongeze mwenyewe & !missing(umri). Katika R, mean(), yaani wastani, hugoma na kukupa NA (alama ya thamani inayokosekana) mpaka uandike na.rm = TRUE, yaani ziondoe zinazokosekana; wengi huiona kero, mimi naiona adabu. Lakini R hiyohiyo, ukiipa aggregate fomula ya cbind(mapato, uzito) ~ jinsia (mapato na uzito kwa kila jinsia), humtupa kimyakimya yeyote asiye na uzito hata kama mapato yake yapo. Nayo pandas huwaacha nje wasiojulikana kundi lao, isipokuwa useme dropna=False, yaani usiwatupe.

Makosa haya yangeonekana kama idadi ingekuwepo: kwa R na pandas, jumla ya makundi isingelingana na watu ulioanza nao; kwa Stata, kundi la wazee lingezidi idadi ya waliojaza umri unaozidi 60.

Idadi hufanya kazi nyingine pia. Data za UCBAdmissions, zinazokuja na R, zinahusu maombi ya mwaka 1973 katika idara sita kubwa za Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Kwa jumla walikubaliwa wanaume 1,198 kati ya 2,691, karibu asilimia 45, na wanawake 557 kati ya 1,835, asilimia 30. Gawa kwa idara, na katika idara nne kati ya sita wanawake wanaongoza. Idara A ni asilimia 82 ya wanawake kwa 62 ya wanaume. Ukiwa na asilimia peke yake, hicho ni kitendawili. Tazama waombaji: idara A iliombwa na wanaume 825 na wanawake 108, ilhali idara C na E, zilizokataa wengi, ziliombwa zaidi na wanawake.

Basi kwenye summarise yangu (amri ya muhtasari ya dplyr) n(), yaani idadi, hutangulia, kisha sum(is.na(mapato)), yaani wangapi hawana mapato, ndipo wastani. Anayelalamika kwamba jedwali limekuwa pana apunguze desimali.