Ukinunua nyumba Buffalo, mashine ya theluji kwanza, sofa baadaye

Kila mwezi wa kumi watu wetu wa hapa Buffalo, jimbo la New York, Marekani, wakihamia nyumba mpya wanarusha picha za sofa na tivii ya inchi 75 ukutani, na mimi nikienda kuwapongeza jicho langu linaenda gereji. Mara nyingi nakuta beleshi moja la plastiki limeegemezwa kwenye kona, basi. Roho inaniuma kwa sababu najua wiki chache zijazo Ziwa Erie lililo jirani litaanza kazi yake ya kutumwagia theluji.

Nikiwauliza mbona hawajanunua mashine ya kuondoa theluji wanasema ni anasa, dola elfu moja kwa kitu cha miezi minne si bora nimtumie mama aezeke nyumba. Naelewa kabisa, na sisi tulisema hivohivo misimu mitatu mfululizo. Lakini hebu tupige hesabu. Njia ya gari ya kawaida ina urefu kama mita 12 na upana mita 5, ikianguka theluji ya sentimita 30, ambayo hapa wala haisimamishi mtu kwenda kazini, hiyo ni mita za ujazo 18. Hata ikiwa ni ile nyepesi ya kilo 100 kwa mita moja ya ujazo, una kilo 1,800 mbele yako. Yaani mifuko 36 ya simenti! Uinyanyue beleshi kwa beleshi na uirushe pembeni, saa kumi na moja alfajiri, halafu ndo uende shifti ya masaa kumi na mbili. Kesho inarudi tena.

Na hapo sijasema tuta. Wanaoishi huku wanalijua, ukishamaliza kusafisha umesimama unapumua greda la mji linapita, linakusukumia mdomoni mwa njia yako theluji yote ya barabarani, imechanganyika na barafu na chumvi, nzito kama zege bichi. Hilo tuta ndilo lililotaka kunichukulia mume wangu.

Ana presha, wakati ule alikuwa na miaka 51. Nilikuwa jikoni nachemsha chai nikaona kupitia dirishani ameacha kupiga beleshi, ameinamia mpini. Nikadhani anapumzika. Alipoingia ndani uso ulikuwa wa kijivu, jasho linamtiririka wakati nje ni baridi ya kugandisha kope, anasema mkono wa kushoto mzito. Tulimkimbiza hospitali, wakakuta mshipa wa moyo umebana, wakamzibua, na namshukuru Mungu yupo. Daktari akanieleza kitu ambacho sikuwahi kukifikiria, kwamba baridi inabana mishipa na presha inapanda, na mtu akinyanyua mzigo kwa mikono anashika pumzi bila kujua, kwa hiyo moyo unabebeshwa kazi kubwa kwa ghafla. Ile dhoruba ya Novemba 2022, iliyomwaga zaidi ya sentimita 200 pale Orchard Park, kusini mwa Buffalo, kwa siku chache tu, mkuu wa kaunti yetu Mark Poloncarz alitangaza watu wawili wamefariki kwa moyo wakihangaika kuondoa theluji.

Wapo wanaosema lipa mtu wa pikapu aje akusafishie. Tulijaribu. Tukamlipa msimu mzima mwezi wa kumi na moja, akaja mara tatu, mara zote saa sita mchana wakati mimi natakiwa niwe kazini saa kumi na mbili asubuhi, mwezi wa pili simu haipokelewi tena. Na siwezi kusema wote wako hivo, ila ziwa likimwaga linamwagia mji mzima siku moja na wewe ni mteja mmoja kati ya wengi.

Basi mwezi wa sita tukanunua yetu, imetumika, dola 350 kwa mzee aliyekuwa anahamia Florida. Wakati wa kununua ni huo jamani, kiangazi, dhoruba ikishatangazwa maduka yanabaki matupu. Na msinunue ile ndogo ya hatua moja yenye makasia ya mpira kama mnakaa upande wa kusini mwa mji, ile inafaa theluji nyepesi tu na tuta itakushinda. Tafuta ya hatua mbili: mbele kuna skrubu kubwa ya chuma kama ya mashine ya kusaga nyama inavuta theluji ndani, nyuma yake kuna feni inairusha juu kupitia shingo. Magurudumu yanajiendesha yenyewe, mimi ni mwembamba na naiongoza. Siku ya kwanza nimebana ile mikono miwili ya mashine, ikala lile tuta na kulitemea uwanjani kama unga unavyotoka kinuni, nililia pale pale nje, si kwa sababu ya mashine, nilikuwa namuona mume wangu ameinamia ule mpini.

Asubuhi moja ilinyamaza kusokota, injini inanguruma lakini skrubu imesimama. Kumbe imekula bonge la barafu na pini inayoshikilia skrubu imekatika. Imetengenezwa ikatike hivo ili giaboksi isivunjike, pini yenyewe ni ya dola chache, unabadilisha dakika tano, kwa hiyo usikubali fundi akuambie mashine imekufa. Petroli usiiache ndani mwaka mzima itaziba kabureta. Usiiwashe ndani ya gereji hata kama mlango uko wazi, moshi wake unaua kimya kimya. Na shingo ikiziba kwa theluji ya majimaji USIINGIZE MKONO, hata ukiwa umezima, skrubu inaweza kuwa bado imekaza na ikaruka nusu mzunguko, vidole vinaenda. Tumia kijiti kinachokuja nayo. Hili nalirudia kwa kila mtu na sitachoka.

Kingine, usisubiri theluji ikome. Mdomo wa mashine una kimo cha kama sentimita 50, ukilala mpaka ikafika kifuani hata hiyo mashine haitakusaidia, toka kila ikifika sentimita 20. Ila sio dhoruba kama ya Krismasi 2022, ile iliyoua zaidi ya watu 40 kaunti hii, siku kama hiyo kaa ndani na mashine yako.

Nikimaliza kwangu naendelea na njia ya miguu mpaka kwa bibi Mkongo wa nyumba ya tatu na mpaka kona watoto wanaposubiri basi la shule. Zamani walikuwa wanatembea katikati ya barabara, magari yanateleza kandokando yao, wana mabegi makubwa kuliko migongo. Inanichukua dakika 15 zaidi. Mwaka jana baba mmoja Mrundi wa mtaa wetu naye amenunua, sasa yeye anachukua upande wa kulia na mimi wa kushoto, na msimu huu tunamtafutia bibi mtu wa kumtolea takataka mpaka barabarani.