Draiva inayogusa kumbukumbu iliyokwisha kuachiliwa: KASAN mezani au KFENCE kazini?

Chukua depo ya madini kwenye barabara ya Kasumbalesa. Mizani ya lori inatuma uzito kwa kompyuta ya Linux kupitia kebo ya USB, na draiva yake, yaani programu inayoiwezesha Linux kuongea nayo, imeandikwa hapahapa Lubumbashi. Siku ya delestaji (umeme kukatwa kwa zamu) mizani inazimika huku kompyuta ikibaki kwenye onduleri. Mashine haifi palepale. Inaendelea robo saa, halafu kerneli, kiini cha Linux, inaanguka ndani ya mfumo wa faili au ndani ya mtandao, mahali pasipohusiana hata kidogo na mizani. Mafundi wanabadilisha RAM. Wiki inayofuata inaanguka tena.

Chanzo cha kawaida ni hiki. Draiva inatenga muundo wake wa data ndani ya probe, kazi inayoitwa kifaa kinapochomekwa, kwa devm_kzalloc, ambayo kerneli huiachilia yenyewe kifaa kikiondoka. Programu ya karani inafungua /dev/mizani0 na kukaa nayo wazi kutwa. Kifaa kinapotoweka, kerneli inaita disconnect ya draiva. Ikirudi, kila kilichotengwa kwa devm kinaachiliwa. Lakini faili bado imefunguliwa. Read au close inayofuata inashika private_data, pointa ya faili kwenda kwenye muundo huo, na kuingia kwenye kumbukumbu ambayo si ya draiva tena. Kama haijagawiwa upya, thamani za zamani bado zimo na kila kitu kinaonekana salama. Kama imeshagawiwa kwa mfumo wa faili wa ext4 au kwa soketi ya mtandao, draiva inaandika juu ya mali ya mwingine, na huyo mwingine ndiye anayeanguka. Laurent Pinchart aliuleta ubishi huu kwenye mkutano wa Linux Plumbers wa Dublin mwaka 2022, na hoja yake ni nzito: devm hufuata muda ambao draiva imefungwa kwenye kifaa, wala haijui lolote kuhusu faili ambayo mtumiaji ameishikilia.

Mafundi wanakubaliana kuhusu chanzo. Wanapogawanyika ni kwenye njia ya kukisaka.

Kundi la kwanza linataka KASAN, kikaguzi cha kumbukumbu kinachojengwa ndani ya kerneli. Hii iliingia kwenye Linux 4.0 mwaka 2015. Kompaila inaweka ukaguzi mbele ya kila usomaji na uandishi, na kwa kila baiti 8 za kumbukumbu kuna baiti 1 ya kivuli inayosema kama mahali hapo panaruhusiwa kuguswa. Gharama inajulikana mapema: moja ya nane ya RAM huenda kwenye kivuli, yaani MB 512 kwa mashine ya GB 4, na kerneli inapungua kasi mara mbili au tatu. Vitu vilivyoachiliwa havirudishwi haraka kwenye mzunguko. Vinawekwa karantini, inayoweza kufika moja ya thelathini na mbili ya RAM. Mashine za x86 za biti 32 hazina KASAN kabisa. Tena ni lazima ujenge kerneli mwenyewe: faili la chanzo lililobanwa lina MB 150 hivi, na kwenye kompyuta ya zamani ujenzi unakula saa nyingi ambazo umeme hauzihakikishi. Tumia make localmodconfig ili ujenge moduli zinazotumika kwenye mashine yako tu. Muda unapungua sana. Usipakue historia nzima ya git, maana hiyo ni GB kadhaa za forufe (kifurushi) yako.

Kundi la pili linasema: acha mashine ifanye kazi na uwashe KFENCE, kikaguzi chepesi cha kubahatisha, iliyoingia kwenye Linux 5.12 mwaka 2021. Hii haikagui kila mguso. Kwa kawaida, kila milisekunde 100 inachukua ombi moja la kumbukumbu na kulipa ukurasa wake peke yake, wenye kurasa za ulinzi pembeni. Kitu kikiachiliwa, ukurasa wake unafungwa, na atakayeugusa anaripotiwa papo hapo. Hifadhi yake ya vitu 255 inachukua MB 2 tu. Kasi haipungui kwa kiasi cha kuhisiwa na mtu. Na mara nyingi haihitaji ujenzi: andika grep KFENCE /boot/config-$(uname -r), na kama imo lakini muda wake umewekwa sifuri, ongeza kfence.sample_interval=100 kwenye mstari wa kuwashia kerneli.

Kwa mji wenye mega za kununua na umeme wa kubahatisha, hoja ya kundi la pili inavutia. Kwa kosa hili hasa, hata hivyo, inakosea, na sababu iko kwenye hesabu. KFENCE huchagua wakati wa kutenga. Muundo wa draiva ya mizani hutengwa mara moja tu, kebo inapochomekwa, huku kerneli ikitenga maelfu ya vitu vingine kila sekunde. Uwezekano wa kwamba ombi hilo moja ndilo litakaloangukia zamu ya KFENCE ni mdogo sana. Unaweza kusubiri mwaka. Pia, kitu kinachozidi ukurasa mmoja, yaani KB 4, hakichukuliwi kamwe. KFENCE inafaa kwa vitu vinavyotengwa na kuachiliwa bila kukoma, kama pakiti za mtandao na maombi ya USB, hasa ukiwa na mashine nyingi zinazoendesha draiva ileile. Kwa kitu kinachozaliwa mara moja asubuhi, siyo.

Upande wa pili wa hesabu hiyohiyo unaipa KASAN nguvu. Kosa la uhai wa kumbukumbu kwenye draiva lina mlango unaojulikana: kuondoka kwa kifaa. Huhitaji kungoja bahati. Fungua faili ya kifaa na uishikilie, kisha andika utambulisho wa kiunganishi, mfano 1-1.2:1.0, kwenye /sys/bus/usb/drivers/ ikifuatiwa na jina la draiva na unbind. Soma, kisha funga faili. Rudisha kwa bind. Iweke kwenye kitanzi cha mara mia tano, huku programu nyingine ikisoma mfululizo. Halafu chomoa kebo kwa mkono pia, kwa sababu unbind haifanani kabisa na kuchomoa: kebo ikitoka, kwa muda mfupi maombi ya USB yanarudi na -EPROTO au -EILSEQ kabla ya habu kugundua kwamba kifaa kimeondoka, na draiva nyingi hutuma ombi jipya papo hapo katika njia hiyo ya makosa. Njia hiyo unbind haiipiti.

Kazi hii yote inaweza kufanyika ndani ya QEMU, yaani kompyuta ya kuigiza, yenye KVM na GB 2 za RAM, ili kompyuta yako mwenyewe isianguke. Adapta ya CH340 (ya kugeuza serial kuwa USB) inapitishwa kwa -device usb-host,vendorid=0x1a86,productid=0x7523, na device_del kwenye monita ya QEMU inaiondoa. (Kama mizani yako inatumia adapta ya aina hii, fikiria kwanza kama unahitaji draiva yako. Moduli ya ch341 tayari inakupa /dev/ttyUSB0, na tabaka la usb-serial linashughulikia kuchomolewa.)

Kati ya makundi haya mawili kuna njia ya tatu ambayo inasahaulika bila haki. Kerneli nyingi za kawaida tayari zina ukaguzi wa SLUB, mgawaji wa kumbukumbu wa kerneli. Washa mashine na slub_debug=FZPU,kmalloc-512, ukiweka kundi la ukubwa unaolingana na muundo wako; kerneli mpya hutumia jina slab_debug. Kumbukumbu iliyoachiliwa inajazwa baiti 0x6b, iitwayo sumu (poison). Ukiona anwani 6b6b6b6b6b6b6b6b kwenye ripoti ya kuanguka, ujue kuna aliyesoma pointa kutoka kwenye kitu kilichokwisha kuachiliwa. Ukiona Poison overwritten, kuna aliyeandika humo, na ripoti inakuonyesha nani alitenga na nani aliachilia. Hakuna kupakua chanzo wala kujenga. Ningeanza hapa kila mara, hata kabla ya kuacha kipimo cha RAM cha memtest86+ kikimbie usiku kucha.

SLUB ina faida nyingine ambayo KASAN haina. KASAN huona msimbo uliopita kwenye kompaila tu. Kifaa cha PCI kinachoendelea kuandika kwa DMA, yaani moja kwa moja kwenye RAM, baada ya draiva kuachilia bafa hakipiti kwa prosesa, kwa hiyo KASAN haioni kitu, wala KFENCE. Sumu ya 0x6b iliyoharibiwa itaonekana, ingawa kwa kuchelewa, na jina la mwandishi halitakuwemo. IOMMU, mlinzi wa RAM dhidi ya vifaa, ikiwa imewashwa, na draiva ikiwa imeita dma_unmap, kwa kawaida mguso huo utakataliwa na kuandikwa. KASAN pia hubadilisha mwendo wa wakati: mbio kati ya intarapti na disconnect inaweza kutoweka chini yake. Na karantini ikijaa, kitu cha zamani kinagawiwa tena, na mguso wa baada ya hapo unapita kama halali.

Ripoti ya KASAN ikija, wengi hukimbilia orodha ya kwanza ya miito, ile ya mguso, na kuongeza ukaguzi wa NULL hapo. Haisaidii: pointa si NULL, ni ya zamani. Anza na sehemu ya Freed by task, inayoonyesha nani aliachilia. Swali ni kwa nini kumbukumbu iliachiliwa wakati bado kuna mwenye kuihitaji. Kumbuka pia kwamba kwa kawaida KASAN huchapisha ripoti ya kwanza tu. Ongeza kasan_multi_shot ukitaka zinazofuata. Usitegemee diski kuhifadhi ujumbe huo wakati kerneli inakufa. Utume mtandaoni kwa netconsole, bandari ya UDP 6666, kwenye laptopu yenye betri.

Marekebisho ya mizani yetu ni haya. Muundo utengwe kwa kzalloc na uwe na kref, kihesabu cha wanaoutumia. Open iongeze hesabu, release iipunguze, na kumbukumbu iachiliwe hesabu ikifika sifuri. Disconnect ishike loki, iandike kwamba kifaa kimeondoka, iamshe wasomaji waliolala, kisha iachie loki. Read na write zishike loki ileile na kurudisha -ENODEV zikikuta alama hiyo. Baada ya hapo zima watendaji: usb_kill_urb, timer_shutdown_sync, cancel_work_sync. Taima na kazi ya foleni zinazoamshana ni mtego wa zamani, maana ukizima moja, nyingine inaiwasha tena. Timer_shutdown_sync, iliyokuja na Linux 6.2, huizuia taima isiwashwe upya, kwa hiyo iite kwanza, ndipo ufute kazi. Mwisho kabisa disconnect irudishe hesabu yake yenyewe.

Devm ibaki kwa vitu visivyoguswa na faili iliyo wazi: saa, regulata, ramani ya rejista. Kwa intarapti kuwa mwangalifu, kwa sababu devm_request_irq huachiliwa baada ya remove (jina la disconnect kwa vifaa visivyo vya USB) kurudi. Ulichokiachilia kwa mkono ndani ya remove bado kinaweza kuguswa na intarapti inayofika katika kipande hicho cha wakati.

Draiva ikishapita mara mia tano za kitanzi na uchomoaji wa mkono bila ripoti, ipeleke depo kwenye kerneli ya kawaida, na hapo ndipo washa KFENCE kwa milisekunde 100. Itakuwa ikilinda maombi ya USB yanayotengwa kila wakati, ambayo kitanzi chako hakikuyapitia yote, na netconsole ikielekezwa kwa mashine ya pili palepale depo.